Ulezi Niliouonea Aibu

Iko siku moja, mwanangu, naikumbuka mpaka harufu ya vumbi lake. Nilikuwa mke mchanga hapa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi Uganda, nimetoka Kivu Kusini na mwanangu wa kwanza, Furaha, mgongoni, na kichwa kimejaa kiburi. Shamba letu lilitupa ulezi na kunde, vikastahimili jua lililokausha mahindi ya jirani. Mimi nikaona aibu! Kwenye bomba la maji wanawake wenzangu walisema ulezi ni chakula cha ndege, nami nilitaka nionekane mtu wa bukari, ule ugali wetu mweupe wa muhogo. Basi kila wiki nilibeba mavuno hadi sokoni Rwekubo, nikauza, nikarudi na unga wa muhogo. Furaha alikula bukari na chumvi tu.

Mnunuzi wangu alikuwa mama mzee Mnyankole kutoka Masha, mwenye ulimi usiobembeleza mtu. Chema chajiuza: sijashusha kikapu, yeye keshafika. Siku hiyo alinyoosha mkono, kisha akamwona mtoto. Nywele zilikuwa zimegeuka rangi ya majani makavu, miguu imevimba, umri wa kukimbia na hata kusimama hawezi. Akanirudishia kikapu.

"Mimi hapana nunua tena," akasema. "Wewe nauza chakula ya mtoto. Yeye nakula nini?"

"Bukari, mama. Kule kambini batu banatucheka, banasema ulezi njo chakula ya ndege."

"Ndege?" Alicheka mpaka wauzaji wakageuka. "Sisi hapa siku ya arusi, mgeni mkubwa tunapa yeye karo, ile ugali ya ulezi. Wewe iko nayo kwa shamba, naona haya! Peleka mtoto kwa daktari, halafu rudi nyumbani, pika."

Nililia njia nzima, sikufichi. Kliniki walimtibu, na muuguzi akanieleza kwamba muhogo hushibisha tumbo, lakini kunde ndizo hujenga mwili, na ulezi una madini ya chuma kwa damu na kalsiamu kwa mifupa. Nikasaga ulezi, nikapika uji, kunde nikaziponda laini. Miezi ikapita, Furaha akasimama ameshika ukuta. Leo ni fundi wa nyumba Mbarara. Akija kwangu huinama mlangoni ili apite, nami, Mungu anisamehe, najivuna kweli.

Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao. Mtama, ulezi, kunde na mbaazi si vyakula vya shida. Ni vya watu wanaoijua ardhi kavu, na watu hao ni sisi. Bukari kula, siikatazi, hata mimi naipenda bado, lakini isikae sahanini peke yake. Na kabla hujapeleka kikapu sokoni, toa kwanza fungu la mtoto. Wakikucheka, waalike wale.

Mungu akupe mvua ya kutosha, na mwaka itakapokosekana akupe mbegu inayovumilia. Chungu chako kisikose uji, wala watoto wako wasikose nguvu.