Wankyo na Kamera Iliyokuwa Yangu

Wankyo anasuka nywele mtaani Nyasho, hapa Musoma, na kioo cha simu yake kina ufa mrefu kama barabara ya kwenda Bunda. Na simu hiyohiyo ndiyo aliyojiungia kozi yetu ya upigaji picha mtandaoni. Mimi nina nusu ya diploma, stendi ya kamera na maneno mengi. Yeye husikiliza somo vidole vikiwa kichwani kwa mteja. Mtandao ukikata, anamwacha mtu na nusu kichwa, anapanda jiwe la nyuma ya nyumba.

Mwalimu wetu, yuko Dar, alitangaza kwamba atakayeleta picha bora ya hisia moja, bila maandishi, atapewa kamera yake ya zamani. Nikaanza kuitafutia mkoba.

Nikaenda Butiama kwa shangazi Matrida, nikamkatisha vitunguu mpaka machozi yakamtiririka, nikampiga picha. Huzuni si hiyo? Narudi Musoma, namkuta Wankyo kazungukwa na kina mama, wote wanataka picha za Komunio za watoto wao. Mimi na stendi yangu begani, hakuna aliyeniuliza hata habari za safari.

"Kaka Burito, simama hapo hapo," Wankyo akasema. "Napima mwanga."

Nikasimama, zuzu mimi.

Jumamosi tukatuma picha kwenye kundi la darasa. Yangu mwalimu aliisifia, halafu akauliza: "Na hilo ganda la kitunguu kwenye kanga?" Ya Wankyo nilikuwa mimi mwenyewe, macho yamenitoka, mdomo umekwenda upande kama nimelamba ndimu. Darasa zima likaandika: "Wivu!"

Mwalimu akasema hiyo imeshinda, ila mwenye sura lazima aridhie. Akikataa, inaondolewa.

Wankyo akanipigia. "Kaka, nilikuwa napima mwanga kweli. Halafu ukaangalia vile unaangaliaga."

"Naangaliaga vipi?"

"Vile. Ukikataa sikulaumu. Nitaendelea na kasimu kangu."

Hapo ndipo aliponiudhi zaidi: hata kushindwa, huyu binti anataka ashindwe vizuri! Nikaifungua tena ile picha, nitafute kasoro nimalize kazi. Kope zangu zilionekana mojamoja. Tangu nizaliwe sijawahi kutoka vizuri hivyo.

Nikaandika kwenye kundi: "Nakubali." Nikaongeza: "Ila huo si wivu. Lilikuwa jua."

"Siku ile kulikuwa na mawingu, kaka," Wankyo akajibu, darasa zima likisoma.