Nilivyoiiba Ngoma ya Mama Mkwe

Kwenye sherehe moja ya wanawake, mama mkwe wangu aliwapigia ngoma wifi zangu wote, akawapigia na mabinti wa majirani, lakini zamu yangu ilipofika aliiweka ngoma chini na kusema, "Huyu mwekeeni spika."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeagiza mgeni aletewe kiti. Lakini iliniuma, na sioni haya kusema iliniuma. Mimi ni Mngoni, mtoto wa Maposeni, nimekulia kwenye kwaya, na kwaya ilitufundisha kutikisa mabega, hatua mbili kushoto, hatua mbili kulia. Kiuno kwetu kilikuwa cha kufungia kanga. Halafu nikampenda Myao ambaye wazazi wake walihama Tunduru wakaja kulima Lusewa. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki, na hakuna aliyekubali kusogea, kwa hiyo tulifunga ndoa bomani. Tulitia sahihi, tukanywa soda, tukarudi mjini, mtaa wa Majengo, kwenye chumba changu cha kushonea, nikamalizia sare za watoto wa shule.

Yaani niliolewa bila kupigiwa ngoma na mtu yeyote. Ndiyo maana niliitaka ile ya mama mkwe kuliko kitu kingine chochote nyumbani kwake.

Spika siisemi vibaya. Mbele ya spika nilijitahidi, na wifi mdogo alikuwa akinipigia vigelegele vya huruma. Tatizo ni kwamba spika haikuangalii. Ukichelewa inakwenda, ukiwahi inakwenda, ukianguka inaendelea tu. Mama mkwe akipiga, macho yake hayatoki kwenye kiuno cha mchezaji. Ukitaka polepole, viganja vinalainika; ukitaka kukatika kwa nguvu, viganja vimeshajua. Siku moja nilimuuliza kwa nini mimi hanipigii.

"Nitapigaje, mwanangu? Kiuno chako sikijui," alisema, akaendelea kuchambua mboga.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mimi pale sikuwa kwetu bado, na nilikuwa nimechoka kuwa mgeni.

Wifi mdogo alipochumbiwa, nilikwenda Lusewa kusaidia maandalizi. Alasiri moja mama mkwe akawa anampigia ngoma bibi harusi wetu afanye mazoezi. Nikaficha simu kwenye mkunjo wa kanga, nikairekodi ngoma yote mwanzo mpaka mwisho, nikarudi nayo mjini kama mwizi wa kuku.

Kwa wiki tatu nilifungua chumba cha kushonea nusu saa kabla ya wateja, nikawasha simu juu ya cherehani, nikajifunga kanga nyongani. Ile ngoma niliijua kama ninavyojua njia ya sokoni. Mizunguko mitatu inakwenda, kisha inakatika ghafla, kwa sababu siku ile mbuzi alikuja kula muhogo ulioanikwa, na mama mkwe akaacha kupiga ili amfukuze. Kwenye simu unasikia kabisa: "We mbuzi! Toka!" Kisha ngoma inarudi. Nami hapo nilikuwa nikisimama, namngoja mbuzi aondoke, halafu naendelea. Sikuona ubaya wake.

Sherehe ya wanawake ya wifi mdogo ilifanyika Majengo, uani kwetu, kwa kuwa bwana harusi alikuwa wa mjini, saa tisa mchana, wanaume wote wakiwa wamefukuzwa. Mawifi walicheza mmoja baada ya mwingine, viuno laini utadhani havina mifupa. Zamu yangu ikafika. Mama mkwe akaanza kuiegemeza ngoma ukutani.

"Huyu mwekeeni..."

"Mama," nikasema mbele ya watu wote, "naomba unipigie wewe."

Wifi mkubwa akainamia sahani yake ya pilau.

"Utaweza?" akauliza mama mkwe.

"Sijui, mama."

Nadhani jibu hilo ndilo lililomfanya airudishe ngoma katikati ya magoti.

Nilianza vibaya. Simu ilikuwa imenizoesha mwendo wa Lusewa, na leo alikuwa akipiga taratibu zaidi, kwa hiyo nilimtangulia mizunguko miwili mizima. Nikaona uso wake unakunjamana. Tukafika mwisho wa mzunguko wa tatu, na mwili wangu, bila kuniuliza, ukasimama tuli, mkono mmoja juu. Ndipo nikagundua kwamba ninamngoja mbuzi.

Nilitamani ardhi ipasuke. Ila ngoma nayo ilikuwa imesimama. Mama mkwe alikuwa ameshikilia viganja hewani, juu kidogo ya ngozi, ananitazama kiuno. Hakupiga. Alikuwa ananisubiri, na mimi katika maisha yangu sikumbuki kusubiriwa hivyo na mtu. Nikakizungusha kidogo upande wa kulia, kwa woga. Akajibu kwa vidole. Kushoto, akajibu. Basi nikasahau simu, nikasahau kwaya, nikakatika, na popote nilipokwenda ngoma ilikuwa pale pale. Nilicheza huku nalia, na wala sikujali.

Baadaye wifi mkubwa alisema ule mtindo wa kusimama ameupenda sana, akauliza kama ni wa Wangoni. Nikamwambia ndiyo, wa zamani.

Kesho yake asubuhi dhamiri ilinisuta. Nikampelekea mama mkwe chai, nikamwamkia, nikamweleza wizi wangu, nikamwekea simu sikioni. Alisikiliza kwa makini. Ilipofika "We mbuzi! Toka!" alicheka mpaka akakaa chini, chai ikamwagika, mimi nikacheka naye. Kisha akajifuta machozi, akanirudishia simu.

"Futa."

"Nifute, mama?"

"Mwenye hiyo ngoma ni mimi, na mimi nipo. Ukitaka kucheza, njoo."

Nikaifuta mbele ya macho yake. Mume wangu alipojua alininunia siku mbili. Alisema mama ni mtu mzima sasa, siku moja tutaitafuta ngoma ile na hatutaipata. Sikumbishia, kwa sababu alisema kweli. Jumamosi nilifunga chumba cha kushonea mapema, nikamwachia ugali na maharage, nikaenda Lusewa. Nilipofika, mama mkwe alikuwa ameshaianika ngoma juani, ngozi ikaze.