Turubai Mbele ya Nyumba Yetu

Mimi ni mtu wa wasiwasi tangu utoto. Rafiki zangu walinitania kwamba hata nikienda chooni huaga kwanza. Basi fikiria hali yangu siku zile tulipojiandaa kwenda bwawa la Mtera kuvua samaki na kulala porini, na huku nyuma baba yangu yuko kitandani, miguu imemvimba, anapumua kama mtu aliyetoka kupanda mlima.

Wazo lilikuwa la rafiki yangu karani. Ofisini kwao kulikuwa na wageni wa mradi ambao kila mwisho wa wiki walibeba mahema wakaenda kulala nje kwa kupenda. Karani akaona na sisi tusibaki nyuma. Miaka hiyo biashara ilikuwa imefunguliwa, maduka ya Dodoma yamejaa vitu vya Dubai, na kila kijana alitaka kujaribu jambo ambalo baba yake hakulijaribu. Baba aliposikia alicheka mpaka akakohoa.

"Babu yangu mimi alilala porini kutoka hapa mpaka pwani, mzigo kichwani," akasema. "Hakuna aliyemwita mtalii. Haya, nendeni."

Nikasema nitakwenda, na tangu hapo usingizi ukanipaa. Hofu yangu ilikuwa moja: baba atafariki mimi nikiwa kule bwawani, pasipo simu wala gari la kunifuata, na kwetu Waislamu maiti haiwekwi. Ningerudi na samaki wangu mkononi nikute ameshazikwa. Sikumwambia mtu. Niliona haya kulitamka, tena niliogopa nikilitamka nitakuwa nimeliita.

Badala yake nikawa napakia. Ndoano na mshipi wa nailoni, taa ya chemli, mafuta ya taa kwenye dumu, sufuria, unga, chumvi nyingi ya kukaushia samaki, klorokwini za kutosha kijiji kizima. Nikishafunga begi nakumbuka kitu, nalifungua tena. Kila nilipopita na kitu mkononi nilisimama kidogo mlangoni kwa baba nisikilize kama pumzi inakwenda. Mara moja alinisemesha bila kufumbua macho.

"Bado nipo. Endelea kupakia."

Hema ndilo lililotusumbua. Karani alijigamba kwamba amelipata kwenye mitumba, bei ya kutupa. Tulipolikunjua tukakuta ni hema la watoto kuchezea, limechorwa sungura, na mtu mzima akiingia miguu inabaki nje. Rafiki yetu wa tatu, dereva wa lori la mahindi pale Kibaigwa, alimcheka karani mpaka akakaa chini. Kisha akasema tusihangaike, yeye atakuja na turubai la lori.

Alilileta siku moja kabla ya safari, baada ya alasiri. Lilikuwa zito, linanuka pumba na dawa ya kuulia wadudu, na tulitaka kujua lina matundu wapi. Ua wetu wa nyuma ulikuwa mdogo na umejaa nguo za mama. Basi wenzangu wakachimbia miti mbele ya nyumba, wakalitandaza juu na kulikaza kwa kamba. Mimi nilikuwa ndani natafuta kopo la chambo. Nilipotoka nikaona mpasuko mrefu katikati, nikaanza kuwaza mvua, ingawa mvua ilikuwa mbali. Mimi ninayeogopa kila kitu, lililokuwa la kuogopa sikuliona.

Kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, turubai likitandazwa mbele ya nyumba mchana wa siku ya kazi, watu hawaulizi kuna nini. Na mtaa mzima ulijua baba ni mgonjwa.

Alitangulia mzee wa nyumba ya jirani. Alikuja taratibu, akakaa kwenye baraza letu, akainamisha kichwa. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa sauti ndogo, nikadhani amechoka. Kisha wakaja akina mama wawili wamejitanda khanga, wakapita moja kwa moja hadi uani. Mwingine akaja na mzigo wa kuni. Dereva akaninong'oneza, anafurahi, kwamba watu wamekuja kuona kambi yetu. Ndipo mzee akainua mikono yake na kuanza kusoma Fatiha, nami nikaelewa.

Kabla sijafungua mdomo nikamwona mama. Alikuwa anatoka sokoni, kapu mkononi, amefika pale njia inapokata kona na nyumba yetu inapoonekana. Aliliona turubai, akaona watu. Akakaa chini palepale barabarani, kwenye vumbi, nyanya zikasambaa. Nilikimbia nikipiga kelele, "Siyo, mama, siyo, siyo!" lakini hakunisikia. Alikuwa anamwita baba kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, na nilipomshika alinisukuma. Nilijichukia. Nililichukia bwawa la Mtera na samaki wake wote.

Halafu watu wote wakageukia nyumba. Nilipogeuka, baba alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa hajatoka nje kwa majuma mengi. Amevaa kikoi na fulana, mkono mmoja kwenye fremu ya mlango, anahema. Alitazama turubai, akatazama watu, akamtazama mama kule chini.

"Jamani, mmeniwahi," akasema. "Mwenyewe bado yupo."

Mama aliinuka, akaja mpaka kwake, akampiga kofi dogo begani. Kisha akaushika mkono wake na hakuuachia. Akina mama wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja. Aliyeleta kuni akasema hazirudishi, tupikie chai.

Nilianza kufungua kamba, nikatangaza kwamba siendi popote. Baba alikuwa ameketi barazani, mahali ilipokuwa cherehani yake kabla mitumba haijamwondolea wateja.

"Acha kwanza," akasema. "Limechanika hilo. Nipe shazia yangu."

Nikamletea ile sindano yake ya magunia, tukamshushia turubai. Akauvuta mpasuko juu ya magoti na kuanza kushona, akipumzika kila baada ya vichomo vichache. Nilikaa karibu yake nikishika turubai lisimlemee.

"Ukikaa hapa unanihesabia pumzi utanimaliza," akasema. "Nenda kavue."

"Na nisipokukuta?" Hatimaye nikalitamka.

Hakuinua macho kwenye mshono. "Utawakuta watu. Si umewaona walivyokuja mbio?"

Tukaenda. Nilipata kambare mmoja na sikulala hata lepe, viboko wakikoroma majini na mimi nikiukodolea macho mshono wa baba juu ya kichwa changu. Tuliporudi alikuwa barazani. Alimla yule kambare bila chumvi, kama daktari alivyoagiza, akasema ni mtamu. Alikuwa mwongo mzuri.

Alifariki mvua zilipoanza, asubuhi, mama na mimi tukiwa naye. Wakamtoa chumbani kwenda kumwosha uani. Dereva alifika na turubai bila kuitwa. Mama alikuwa amekaa mkekani na wenzake pale miti ya turubai ilipoanza kugongwa nje. Aliposikia, aliinua kichwa. Akaacha kulia, akageukia mlango wa chumba cha baba, akawa anautazama. Mimi nilijua anangoja nini, kwa sababu na mimi nilikuwa nautazama.