Makucha Ine ya Pete ya Yaya Kahindo

Ninaanza na ujinga yangu, mbele wengine hawajawaelezea: siku ya mahari ya yaya Kahindo, dada yangu mukubwa, jamaa zote mbili zikiwa pale, nilitia lupe ku jicho, nikaangalia pete yake, nikasema kwa sauti: "Hii jiwe ni chupa."

Nyinyi bale munaanza kazi, musikilize. Niko na miaka kumi na saba, niko mu ya tano sekondari, na nimekwisha kuingia retraite, ile pumziko ya wazee wa kazi.

Siku ya kwanza ku atelier ya bijoux, kule banatengeneza mapete, hapa Butembo, Chef, mwenye atelier, alinipatia lupe, ile kioo kidogo ya kukuza vitu, na pete moja.

"Unaona nini?"

"Kidole yangu, Chef. Iko muchafu."

Hakucheka. Akanifundisha kama jiwe haishikwe na kole, ile gundi. Inashikwa na vidole vidogo vya zahabu, vinaitwa makucha. Unaangalia kila kucha: iko laini? Inafunga muzuri? Kiisha unatikisa pete karibu na sikio. Jiwe ikilia, kucha imelegea. Yote unaandika mu cahier, daftari ya kazi.

"Makucha njo kazi yako," Chef alisema. "Jiwe, hapana. Jiwe ni ya mimi."

Muchumba wa yaya alikuwa prof, mutu wa Kasai, serikali ilimutuma kufundisha Beni. Diama, ile almasi ya pete ya uchumba, ilitoka kwa mama yake. Mais pete ilikuwa kubwa ku kidole ya yaya. Miye mwenyewe, na kiburi yote, nikasema: "Shemeji, lete kwetu. Chef wangu ataipunguza." Nikaipokea, nikaandika: makucha ine, laini, jiwe ya kweupe. Chef akabakia nayo siku mbili.

Siku ya mahari, bajomba wangu walikuwa wanakagua mbuzi vile inaombwa: kufungua kinywa, kuhesabu meno, kuinua mukia.

"Hii ni mbuzi ao ni nyanya yangu?" mujomba mukubwa akauliza. "Meno iko wapi?"

Batu wote wakacheka. Miye pia nikataka banichekee. "Na pete, hakuna mutu wa kuiangalia meno?" Wakacheka zaidi. Nikatia lupe. Ndani ya jiwe mulikuwa tumapovu tudogo twa hewa, sawa mu chupa ya soda. Diama haina vile. Kinywa ikaenda mbele, kichwa ikabakia nyuma.

Mama ya shemeji, mwenye kutoka mbali vile, akafunika uso na kitambaa.

"Prof," mujomba akasema, "mbuzi ya kweli, pete ya chupa?"

"Ile jiwe ni ya mama yangu," shemeji akajibu polepole. Hakuna mwenye alimusikia. Yaya akatosha pete ku kidole, akaiweka ku meza. Mbuzi zikapandishwa tena ku lori.

Kesho yake nikachukua ile pete, nikaangalia kazi yangu: makucha. Zote ine zilikuwa na alama mupya za tupa, na moja ilipindwa kiisha ikarudishwa kwa nguvu. Ile haikuwa mu cahier yangu. Nikakimbia ku atelier.

"Chef, mulifungua hii pete, mukatosha diama."

"Cahier inasema nini?"

"Makucha laini."

"Na jiwe?"

"Ya kweupe."

"Donc, haukuandika diama. Na ule prof, nani alimupatisha haya mbele ya batu? Ni miye?" Akanyoosha mukono. "Rudisha lupe. Enda kusoma."

Ile njo retraite yangu. Hakuna soda, hakuna discours ya kuniaga.

Nikapanda moto, ile pikipiki, mpaka Beni. Shemeji alinisikiliza wima, ku mulango wa darasa, chaki mu mukono.

"Kambale, nakuamini. Mais mama yangu amekwisha kurudi. Ulimuita mudanganyifu mbele ya batu wote. Bale batu, utabakusanya namna gani tena?"

Akaingia mu darasa, akafunga.

Miezi nane ya kazi ilinifundisha kuangalia. Kunyamaza, haikuwa mu programme. Na Chef angali anafungua kila asubui. Batu banamuletea mapete yao, banamusalimia muzuri.

Nikafika nyumbani, nikamuelezea mama yote. Alikuwa anachagua maharagi. Hakuinua macho. Akasema:

"Kahindo iko mu chumba. Ingia, umuambie vile umeniambia. Na usimuchekeshe."