Kidirisha cha Mwanawema

"Hiyo yako ni televisheni," Mwanawema alimwambia Kauthar mbele ya harusi nzima ya Wete. "Wewe unaangalia picha ya bibi harusi. Mimi namwangalia bibi harusi mwenyewe."

Wanawake wakapiga vigelegele, na Kauthar, mpiga picha mwenzake wa Mkoani, akaitia kamera mkobani. Zote mbili zilikuwa kamera ndogo za kidijitali. Tofauti ilikuwa pale pa kuchungulia. Ukitia jicho kwenye ya Kauthar, unakuta kioo kidogo cha umeme kinachoonyesha kile kile inachokiona lenzi. Ya Mwanawema ilikuwa na kidirisha cha kioo kitupu, juu ya lenzi kwa pembeni, kisichokula betri wala kuchelewa. Kioo kikubwa cha nyuma alikizima siku zote. Akikiwasha, wanawake humvamia, kila mmoja anataka yake ifutwe kwa sababu ya kidevu.

Ikafika harusi ya Ruweida, Wingwi. Simu za wageni zilikusanywa mlangoni kwenye beseni, picha za wanawake zisije zikazagaa. Kwa hiyo nyumba ile ilikuwa na kamera moja tu. Mwanawema alipiga tangu bibi harusi anatolewa mpaka bibi yake, Bi Mwanabaraka, anamvisha kidani alichoolewa nacho yeye mwenyewe. Kisha akajibanza stoo, akawasha kioo cha nyuma aangalie betri.

Picha ilikuwa nyeusi nusu nzima. Akarudi nyuma. Nyeusi. Ile ya kidani ilikuwa na sikio la Ruweida, kidole cha bibi, na kiza.

Alidhani kamera imekufa, mpaka alipoona ukingoni mwa kile kiza nyuzi za darizi. Ulikuwa mtandio wake. Vijana wa sinia za pilau walikuwa wakiingia na kutoka, naye alijifunika barabara. Kila aliponyanyua kamera, ncha ya mtandio ikashuka mbele ya lenzi. Kidirisha, kwa kuwa kiko juu, kilimwonyesha harusi nzuri mno.

Upande wa bwana harusi ulikuwa njiani kumchukua mke wao. Akinyamaza, wenye harusi wangejua picha zikishasafishwa, na baada ya hapo hata kwenye maulidi ya chuo cha Kurani asingeitwa. Akisema, je? Alisimama pale kati ya magunia mpaka akaona afadhali aaibike sasa, Ruweida angali nyumbani.

Akamvuta kando Bi Saada, mama wa bibi harusi.

"Mama, picha za kidani zimeharibika."

"Zimeharibika vipi?"

"Zimefunikwa. Na mtandio wangu."

Shangazi mtu, Bi Mwanakhamis, ambaye hakuitwa, akajibu kabla ya Bi Saada: "Kumbe tumeoza pazia. Si huyu ndiye anayemwona bibi harusi mwenyewe? Basi akae atusimulie, sisi tutachora."

Walipomwendea Bi Mwanabaraka avishe tena, alikuwa keshajilaza, magoti yanamuuma. "Kidani nishavisha," alisema bila kufumbua macho.

"Bibi, kosa ni langu," Mwanawema akasema, kapiga magoti mkekani. Nje gari zikapiga honi. "Nao wameshafika."

Bibi kizee akavuta pumzi ndefu. "Haya, nipeni mkono."

Vijana wa sinia wakafukuzwa. Mwanawema akaufunga mtandio kisogoni, akawasha kioo kikubwa mbele ya watu wote. Ya kwanza ikatoka ukungu.

"Usitetemeke, mwanangu," Bi Mwanakhamis akasema. "Anayeolewa si wewe."

Ya pili ikakubali. Bibi kanuna, Ruweida analia, kidani kinaonekana. Ndiyo hiyo iliyopo mpaka leo ukutani kwa Bi Saada, peke yake. "Zile nyengine usinionyeshe," alimwambia Mwanawema mlangoni, wala hakumwangalia.

Asubuhi yake Mwanawema akashuka Chake Chake, akaulizia kamera yenye kioo cha umeme pale pa kuchungulia. Muuzaji akamtajia laki tisa. Akamshukuru, akavuka barabara, akaingia duka la mitandio.

Pakiti ya pini, shilingi mia tano.