Pedali Iliyonguruma Bila Umeme

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimekunywa, nakujibu: sikuwa nimekunywa. Nilikuwa nimekula mihogo na maharage, ilikuwa saa sita mchana, na jua la Arua lilikuwa linachoma mabati. Wenzangu hukutana na maajabu yao usiku wa giza, ili kesho wakibanwa maswali wasingizie giza. Mimi yangu yalinikuta dukani kwa fundi wa redio, watu wakipita barabarani na mizigo yao. Usipoamini ni juu yako, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Mimi napiga piano kwenye harusi na ibada za shukrani hapa Koboko. Piano yangu ni ya umeme, ya zamani, ile yenye vyuma ndani, na kuibeba kunataka wanaume wanne wenye subira. Baba ndiye aliyeninunulia, ndugu zake wakimcheka: mtoto wa kike atakula muziki? Aliwaacha wacheke. Jioni nilipokuwa najifunza alikaa karibu yangu, na nilipokosea alinikosoa bila huruma.

Halafu masikio yake yakafa. Hayakufa siku moja, yalififia kidogo kidogo, mpaka ukawa unamwita ukiwa mbele yake hasikii. Hospitalini walisema ni uzee. Pikipiki ilipokaribia kumgonga njiani huko Lobule, kwenye shamba lake, nikamhamishia kwangu mjini. Nikipiga piano anakuja kuketi, anatazama vidole vyangu, kisha anatabasamu kwa adabu kama mgeni aliyepewa chakula asichokijua. Afadhali angenigombeza. Lile tabasamu lilinitesa miaka minne.

Sasa, mkabala na nyumba yetu kuna mashine ya kusaga unga. Asubuhi moja baba akainua kichwa, akasema, "Leo wamechelewa kuwasha."

Niliacha kufagia. Alikuwa ameisikia mashine! Ule mngurumo mzito wenye kukwaruza ulikuwa umempenya. Nikawaza, kama anasikia mashine, basi na piano ingurume. Wapiga gitaa wana pedali ya ovadraivu, kisanduku cha chuma unachokikanyaga kwa mguu, na sauti iliyokuwa safi inatoka na mkwaruzo. Hakuna sheria inayokataza piano kupitia humo. Wiki ileile nikapakia piano kwenye pikapu nikaenda Arua kwa fundi Drani, maana pedali iliyotengenezewa gitaa huwezi kuichagulia piano kwa macho. Ni lazima uijaribu na piano yako mwenyewe.

Drani alinipa ya kwanza. Upande wa kulia wa piano, kwenye noti za juu, ilipiga kelele za nyuki, upande wa kushoto haikuwa na kitu. Ya pili ilikuwa na nguvu, lakini noti za chini zilichanganyika zikawa uji, hujui ipi ni ipi. Nilizungusha vifundo vyote vya kurekebisha sauti mpaka mwisho, kama nilivyoona wapiga gitaa wakifanya, nikazidi kuharibu. Jasho lilinitoka. Nilijua kwamba nikirudi Koboko mikono mitupu sitakuwa na njia nyingine ya kumfikia baba.

"Hii yote iko mubaya," sauti ikasema nyuma yangu.

Alikuwa mama wa makamo, kitambaa kimefungwa begani kama wafungavyo akina mama wa Sudan Kusini. Sikumwona akiingia. Drani akamuuliza anataka nini, naye hakugeuka. Akamuuliza tena kwa sauti kubwa, kimya. Ndipo nilipogundua kwamba yule mama alikuwa kiziwi, macho yake yalikuwa kwenye midomo yangu, akingoja kuisoma. Alinyoosha mkono kwenye debe la vitu vibovu, akatoa pedali iliyobabuka rangi, yenye kifundo kimoja tu.

"Weka hii."

"Mama, hiyo imekufa," Drani akasema. Nani wa kumsikia?

Niliichomeka. Nikaweka vidole nigonge kwa nguvu, akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi, siku ile ya joto.

"Hapana. Wewe nachagua kama mutu ya gitaa. Bonyeza polepole kwanza. Kama polepole iko safi, sasa ongeza. Kidole ndiyo naamsha yeye."

Akaweka kiganja juu ya ubao wa piano, akafumba macho. Nikabonyeza taratibu, noti ikatoka safi. Nikaongeza uzito, ikaanza kukwaruza. Nikaongeza tena, na mngurumo ukapanda kutoka chini, kila noti ikiwa bado na uso wake, mpaka makopo ya misumari ya Drani yakatetemeka kwenye rafu. Sijawahi kuisikia sauti kama ile. Machozi yalinitoka mbele za watu, wala sikuona aibu.

"Nani naenda sikia?" akaniuliza.

"Baba yangu, mama. Masikio yake hayasikii."

"Sauti hii, utamupa yeye yote?"

"Yote, mama! Yote!" Hata sikufikiri. Wewe ungefikiri?

Akaitikia kwa kichwa, na mimi nikaendelea kupiga. Ni Drani aliyenigusa bega. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Akanionyesha feni, ilikuwa imesimama. Mchomeleaji wa jirani alikuwa kimya na redio za mtaa mzima zilikuwa kimya. Umeme ulikuwa umekatika. Najua utakachosema: piano ya vyuma hulia kidogo hata bila umeme, kama vijiko vikigongana, na pedali hutumia betri. Sawa. Na spika je? Drani alikuwa ameshika waya wa spika mkononi mwake, plagi inaning'inia hewani, na spika ilikuwa inanguruma mbele yetu.

"Dada," akasema polepole, "toa mikono."

Nikatoa. Kimya kikaja. Nilipogeuka kumtazama yule mama, hakuwepo. Duka lina mlango mmoja, na mlangoni hukaa fundi cherehani ambaye ni lazima asogeze miguu ndipo mtu apite. Tulimuuliza. Alisema tangu asubuhi ameisogeza kwa ajili yangu na piano yangu tu. Drani hakutaka nimlipe chochote, alitaka tu niiondoe ile pedali dukani kwake.

Kesho yake nikafunga kila kitu sebuleni Koboko, baba akaketi mahali pake na tabasamu lake la ugeni. Nikakanyaga pedali, nikaanza wimbo wa kulimia aliokuwa akiuimba shambani nikiwa mdogo.

Hakuna kitu. Nilisikia mbao za vidole vya piano zikigonga, tap tap, basi. Nikadhani umeme umekatika, nikatazama juu, taa inawaka. Nikainua mikono.

"Mbona umeacha?" baba akasema.

Niligeuka. Alikuwa amesimama, ananyooshea kidole piano.

"Piga! Na pale katikati umekosea. Sauti irudi chini, usiikimbize."

Nikaurudia wimbo. Baba akafumba macho akaimba wimbo wote, ubeti kwa ubeti, akienda sawasawa na vidole vyangu, na watu wa mashine ya kusaga wakaja mlangoni kuuliza ni ngoma gani hiyo inayotetemesha ukuta. Wote walikuwa wanasikia. Mimi peke yangu nilikuwa nimekaa katikati ya sauti ile bila kuisikia. Niliogopa, niamini, na papo hapo nilifurahi mpaka kifua kikaniuma.

Mpaka leo iko hivyo. Nikiichomoa pedali, naisikia piano yangu vizuri, na baba haisikii. Nikiichomeka, anaisikia yeye, mimi nasikia mbao. Kwenye harusi napiga bila pedali. Nyumbani, kila jioni, naichomeka. Nilirudi Arua kumtafuta yule mama, niliuliza hadi Vurra mpakani kwa wenye malori, hakuna anayemjua.

Kwa hiyo nakuonya, wewe unayetafuta kitu kwa moyo wako wote: mtu usiyemjua akikuuliza kama utatoa chote, funga mdomo kwanza. Muulize wewe utabaki na nini. Mimi sikuuliza, na sijui kama ningejibu tofauti.

Juzi baba aliniambia kwamba mkono wangu wa kushoto umekuwa mzuri kuliko zamani. Nilimshukuru. Sina njia ya kujua, nimeamua kumwamini.