Dhahabu ya Ukingo wa Nje

Punje ya kwanza ya dhahabu niliyoipata maishani mwangu niliificha chini ya ulimi. Nilikuwa peke yangu kijitoni, hata ng'ombe wa jirani hawakuwa wameteremka kunywa maji, lakini niliangalia kushoto na kulia, nikaichukua kwenye sahani kwa ncha ya kidole na kuitia mdomoni. Ndivyo nilivyo. Miaka yote niliyofanya kazi hotelini Diani sikuwahi kuacha hata sabuni yangu kwenye chumba cha wafanyakazi.

Kazi yangu hotelini ilikuwa bwawa la kuogelea. Kila alfajiri nilivuta mchanga uliozama usiku, mchanga wa miguu ya wageni, na daima niliukuta pembe ile ile karibu na ngazi. Kulikuwa na mgeni mmoja mzee aliyependa kunitazama nikiuvuta. Aliniambia kwamba kwao, siku za mapumziko, yeye huenda mitoni kutafuta dhahabu, si kwa shida bali kwa raha yake tu, kama wengine wanavyovua samaki. Nilimshuku, bila shaka. Mtu mwenye uwezo wa kulala hotelini mwezi mzima ana haja gani ya kuinama mtoni? Lakini safari yake ya mwisho aliniachia sahani yake ya kuoshea mchanga, ya plastiki ya kijani, yenye mifereji upande mmoja. Hoteli ilipopunguza watu nikarudi nayo nyumbani, bara ya Msambweni, na mke wangu akaitundika jikoni pamoja na ungo. Kwani kazi yake si ile ile, aliniuliza, kupepeta?

Nyuma ya nyumba yetu hupita kijito, na chini kidogo hukata kona. Jumamosi na Jumapili nikimaliza shamba nilishuka huko na sahani, na kwa mara ya kwanza maishani nikawa nafanya jambo ambalo hakuna aliyenituma.

Mto husomwa. Maji yakifika kwenye kona, yale ya nje hukimbia na yale ya ndani huchoka. Yakichoka huangusha yalichobeba, na kizito huanguka kwanza. Kwa hiyo mtafutaji huenda ukingo wa ndani wa kona, nyuma ya mawe makubwa, kwenye nyufa za mwamba, kwenye mizizi ya nyasi. Na huchimba, maana dhahabu haikai juu. Kila mvua ikitikisa mchanga, yenyewe huzidi kuzama, na kwa kusukumana na mawe njiani huwa imelainika pembe zake zote. Mgeni wangu alinieleza hayo, na yaliyobaki niliyajua kutoka bwawani.

Mahali pengine mchanga mweusi ukibaki kwenye sahani moyo huenda mbio, kwa sababu ni mzito na dhahabu hupenda kukaa nao. Kwetu Kwale mchanga mweusi hauna maana hiyo. Ni ule ule ulioleta mitambo na malori makubwa ya wachimba titani, na ukinawa miguu tu kijitoni utaukuta kwenye vidole. Miaka miwili niliosha mchanga wa kona ile, na miaka miwili nikabaki na weusi. Sikujali sana. Kisha akapiga simu mwenzangu mmoja wa zamani, aliyekuwa mpishi pale hotelini.

Alikuwa magharibi mwa nchi, kwenye machimbo ya dhahabu. "Wewe unajua kuosha mchanga," akaniambia. "Huku watu wanashuka tu shimoni, wakipanda hawajui wameleta nini. Njoo baada ya Idi." Nikamwambia nitakuja. Mashimo hayo ni membamba, mtu hushushwa kwa kamba, na mara kwa mara redio husema limeporomoka shimo mahali fulani na watu wamo ndani. Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa mtu anayeosha weusi.

Nilipomwambia mke wangu, alikuwa akikuna nazi. Hakusema niende wala nisiende. Aliuliza mashimo yana kina gani, nikasema sijui, akaendelea kukuna. Na mimi, badala ya kushukuru kwamba sikupata ugomvi, nikaanza kujiuliza: mwanamke gani huyu asiyemzuia mumewe kwenda mbali? Ana lake.

Siku chache baadaye, kwa hasira tu, nikajaza sahani kwa mchanga wa ukingo wa nje, mahali ambapo mtafutaji hana kazi. Ndipo nikaiona ile punje. Ilikuwa ndogo kuliko ncha ya sindano ya cherehani, lakini ilikuwa ya njano hata nilipoitia kivulini, na sahani ilipoyumba yenyewe haikusogea.

Jioni mke wangu akaniuliza kama kawaida, "Leo umepata?"

"Weusi tu," nikasema, punje ikiwa tayari kwenye kichupa cha dawa ya macho, na kichupa ndani ya kiatu changu cha zamani cha kazini. Mtafutaji hamwambii mtu. Siri ya dhahabu ikifika kwa mwanamke imefika kwa dada yake, na ikifika kwa dada yake imefika sokoni. Hivyo ndivyo nilivyojiambia, na nilijiona mwerevu.

Nikarudi kesho yake na siku zilizofuata, hata zisizo za mapumziko. Kila nikirudi nilipata, mbili, tatu, na kila jioni niliulizwa, na kila jioni nilikuwa nimepata weusi. Siku moja nikaona uso wake umenyong'onyea, nikakubali kwamba labda niliona kitu kinachong'aa, lakini sina hakika. Mpishi alipopiga simu nilimwambia goti linanisumbua, nitachelewa kidogo.

Furaha haikukaa. Nilianza kuitazama dhahabu yenyewe kwa jicho baya. Ilikuwa ukingo wa nje. Ilikuwa juu ya mchanga, sikuhitaji hata kuchimba. Nilipoiweka chini ya kioo cha kukuzia, nikaona haina ulaini wowote, ina pembe kali, nyingine zimejikunja kama maganda ya kitunguu. Hiyo haikuwa dhahabu iliyosafiri. Mto haukuileta. Kuna mtu alikuwa akiimwaga.

Sikuwa na haja ya kumtafuta mbali. Jirani yangu anayenywesha ng'ombe juu kidogo ya kwetu alikuwa akiuza kiwanja chake, kinachogusa kijito hicho hicho, na wanunuzi walikuwa wakija na magari kutoka Ukunda kukitazama. Siku moja alinikuta nimeinama, akasimama na fimbo yake.

"Shikamoo," nikamwambia, maana ni mkubwa kwangu.

"Marahaba. Watafuta nini humo, bwana, kila siku?"

"Natazama mchanga tu."

"Mchanga." Akatazama sahani, akanitazama mimi. "Wale wageni wa kiwanja wameniuliza jirani yangu afanya nini mtoni. Nimewaambia mimi sijui, labda kuna mali. Au wewe umetumwa na watu wa vipimo vya madini?"

Nikasema sikutumwa na mtu. Hakuniamini, wala mimi sikumwamini. Alipoondoka niliona kila kitu waziwazi. Mzee huyu anamwaga chenga za dhahabu huko juu, zinateremka kwangu, mimi nacheka peke yangu mtoni kama mwehu, na wanunuzi wanapandishiwa bei kwa kicheko changu. Nilikasirika kwelikweli.

Wiki ile ile tulialikwa harusi Msambweni, na mke wangu akaenda bila pambo mkononi. Ana bangili mbili za dhahabu alizoachiwa na mama yake, hukaa sandukuni ndani ya leso na hutoka siku za harusi peke yake. Nilimwuliza mbona hakuzivaa. Akasema mkono umenenepa. Nikamtazama mkono, haujanenepa. Nikajua amempa kaka yake akauze, maana kaka yake ni mtu wa shida zisizokwisha, nikaiweka hasira hiyo pembeni nimalizane kwanza na jirani.

Njia ya kumkamata ilikuwa rahisi. Dhahabu ukiipata mahali, unapanda nayo. Unaosha sahani moja, unapiga hatua kadhaa kwenda juu, unaosha nyingine. Maadamu inaonekana, bado hujafika. Ikikatika ghafla, simama, chanzo chake kiko hapo hapo. Nilianzia konani asubuhi, jirani akiwa bado hajafungua zizi. Sahani ya kwanza punje moja. Nikapanda, punje tatu. Nikapanda tena, zikawa nyingi hata sikuzihesabu, na moyo wangu ukawa unadunda kwa hamu ya kumfumania mzee yule wa watu. Nikaosha chini ya jiwe la kufulia la kwetu, sahani ikameta. Nikavuka jiwe nikaosha juu yake. Weusi. Nikapanda hadi pale ng'ombe wanapokanyaga. Weusi. Nikarudi, nikaosha tena upande wa juu wa jiwe, nikiomba ionekane hata moja.

Ilikuwa imekatika. Chanzo kilikuwa jiwe la kufulia, na kutoka jiweni kuna njia moja tu, inayopanda hadi mlango wa jiko letu.

Mwingine angeelewa papo hapo. Mimi nilisimama majini nikaelewa jambo jingine kabisa. Mke wangu amegundua ufa wa dhahabu chini ya jiwe! Anafua hapo miaka yote, anajua, na amenificha. Zile chenga ni mabaki yake. Ndiyo maana hakujali niende machimboni: nikiondoka ataling'oa jiwe yeye na kaka yake. Nikapanda nyumbani kuchukua jembe niling'oe kabla yao.

Jembe lilikuwa butu. Nikatafuta tupa ya kunolea, haikuwa mahali pake stoo. Niliikuta jikoni, nyuma ya mtungi, imefungwa kitambaa. Nikaiweka kwenye makali ya jembe, mwanga wa mlangoni ukaiangukia, na nikaona katika meno yake, kutoka mwanzo hadi mwisho, vumbi la njano.

Nilikaa chini kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mke wangu aliingia na ndoo kichwani, akaiona tupa mkononi mwangu, akatua ndoo taratibu.

"Bangili," nikasema.

"Moja imekwisha," akasema. "Ya pili nimeianza juzi."

Nikamwuliza kwa nini aliimwaga jiweni. Akasema aliona povu la sabuni linateremka hadi ninapokaa, akadhani na dhahabu itateremka vivyo hivyo. Nikamwuliza mbona hakuniambia tu nisiende.

"Ningesema usiende, ungeuliza nataka nini. Niliponyamaza, ukanitazama kama mwizi." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma. "Shimoni sitaki uingie. Nikasema ukipata chochote hapa utakaa. Nikawa nakuuliza kila jioni, wewe wasema weusi. Nikawaza labda ni kidogo mno haionekani, naongeza. Wasema weusi, naongeza."

Nilitamani kunyamaza. Kusema kweli, kwa muda nilifikiria kukiacha kichupa ndani ya kiatu na kumwacha aamini kwamba maji yaliichukua yote. Kisha nikaenda nikakileta. Alikinyanyua mlangoni kwenye mwanga. Kilikuwa kimefika nusu.

"Kumbe ulikuwa unapata," akasema.

Alikigeuza juu chini, akaitazama ikiteremka ndani ya kioo, bangili ya mama yake. Kila jioni niliyosema weusi, asubuhi yake alikaa hapo jikoni akaisugua kwa tupa. Nililia mbele yake, mimi mtu mzima, na hakunibembeleza.

Machimboni sikwenda. Mpishi ameacha kupiga simu. Jirani aliuza kiwanja chake kwa bei ya kawaida, na mpaka leo anaamini mimi ni mtu wa vipimo.

Sasa tunashuka kijitoni wawili. Yeye hukaa juu ya jiwe, leso imefungwa kiunoni, mimi huosha chini yake, maana nyingine imekwisha zama na inataka kuchimbwa. Tukiipata ya kutosha tutampelekea sonara aiyeyushe. Jioni ananiuliza, "Leo umepata?" Nikisema mbili, ananyoosha mkono nimtilie kiganjani. Na tangu nimwambie nilikoificha ile ya kwanza, akishazitazama ananiambia nifungue mdomo.